Maua ya Lami

Lami ilikuwa bado mbichi kwenye bangili ya tatu wakati Landrova ya polisi iliposimama nje. Hilaria aliweka fremu chini. Aliifuta mikono kwenye khanga, lami isitoke.

Mumewe, Gaudensi, aliingia kwa mlango wa uani, akamkamata mkono juu ya kiwiko, pale palipokuwa bado na alama za juzi.

"Wakiuliza, shaba tumenunua kwa watu wa Mbala, huko Zambia. Mengine huyajui. Umesikia?"

"Nimesikia, baba Zenon."

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi, na Sumbawanga nzima iliogopa mlio wa gari. Wenye sabuni waliifukia. Wenye vitenge viwili walivaa kimoja juu ya kingine. Nyumba ya Gaudensi, pale mtaa wa Izia, haikuwa na sabuni wala vitenge. Ilikuwa na shaba.

Askari walioingia walikuwa watatu. Mkubwa wao, Sajini Isakwisa, alikuwa mtu wa Mbeya mwenye sauti ya upole. Upole ule ulimtisha Hilaria kuliko bunduki.

"Hiki nini, mama?" Aliinua fremu.

Hilaria alieleza. Kitambaa chepesi cha gauni kuukuu kimewambwa kwenye mbao. Kila mahali kimezibwa kwa gundi, isipokuwa penye ua. Lami iliyolainishwa kwa mafuta ya taa inasukumwa juu yake kwa kipande cha raba, inapenya na kuliacha ua juu ya shaba. Kisha bangili inalowekwa kwenye maji ya betri. Shaba iliyo wazi inaliwa. Iliyofunikwa na lami inabaki.

"Nani alikufundisha?"

"Masista walinifundisha kuchapa vitambaa. Kwenye shaba nimejaribu mwenyewe. Nimeharibu nyingi."

"Kinaweza kuchapa nini kingine?"

"Maua tu, afande."

Sajini aligeuza bangili moja mkononi. "Na shaba?"

"Ya Mbala hiyo," Gaudensi alidakia. "Tulinunua."

"Kuna waya wa simu unaopotea nguzoni, bwana. Mwezi wa nne walikata wa nguzo nne, mfululizo."

Hilaria hakuhitaji kukumbushwa mwezi wa nne. Zahanati ya kijijini kwao ilishindwa kupiga simu mjini kuomba gari, na mdogo wake, Silvana, akafa na mtoto tumboni. Alizikwa Jumanne. Alhamisi Gaudensi aliingiza shaba nyingi ndani, akamwambia mkewe achape asipumzike.

Askari walipekua. Walitikisa godoro, wakachungulia darini, wakapindua mitungi. Mmoja alikwenda uani penye kihenge cha ulezi, akapanda, akachoma fimbo ndani mara mbili.

"Hakuna kitu, afande. Ulezi tu."

Hilaria aliinama kuinua mtungi uliopinduliwa. Gaudensi alimtazama kwa jicho kali, kisha akatabasamu.

"Si niliwaambia? Mimi ni mtu wa kanisani."

Sajini alitoa mfukoni karatasi ya kaki iliyokunjwa. Mikunjo ilikuwa imegandana. Ilibidi aibandue polepole. Aliisoma midomo ikichezacheza.

"Hapa wanasema chini kabisa, si juu. Mwageni."

Ulezi ulimwagika uani kama maji. Halafu waya ukaanza kutoka, mzingo baada ya mzingo, mwekundu, mpaka kuku wakakimbia.

Gaudensi alipigwa pingu. Hakulia wala hakukana. Alitaka jambo moja tu.

"Nionyesheni mwandiko! Izia nzima nawajua wanavyoandika. Nikimjua, hata mkinifunga miaka thelathini, nitarudi kwa ajili yake."

Hilaria aliuma pindo la khanga. Sajini alimnyoshea Gaudensi karatasi usoni. Herufi zilikuwa kubwa, nyeusi, zimenyooka kama za kitabuni.

"Haina mwandiko," Sajini alisema. "Imechapwa."

Gaudensi alikodoa macho, kisha akatema mate. "Mtu wa ofisini huyo. Mwenye mtambo wa kuchapia." Akaanza kutaja majina ya makarani, moja baada ya jingine.

"Mama atatia sahihi kwamba waya umetolewa hapa," Sajini alisema, akifungua daftari.

"Huyo?" Gaudensi alicheka. "Hajui hata kushika kalamu."

"Basi aweke kidole."

Kisanduku cha wino kilikuwa kimekauka, lakini hakikuhitajika. Kidole gumba cha Hilaria kilikuwa cheusi tayari. Alikibandika pale alipoonyeshwa, akakiinua kwa shida, maana kilinata.

Sajini aliitazama ile alama. Akaichukua barua, akaiweka kando yake. Akaileta puani. Hilaria alificha kidole gumba ndani ya khanga.

Nje, Gaudensi alikuwa anasukumwa garini huku bado anataja majina. Sajini alifunga daftari, akaikunja barua, akairudisha mfukoni na kuvaa kofia yake. Alipofika mlangoni alimwinamia Hilaria, akashusha sauti.

"Mama, siku nyingine ukituandikia, acha lami ikauke kwanza."