Ubao wa Wageni

Fundi alikuwa anapiga randa ubao uleule wa juzi. Ulishakuwa mwembamba kama biskuti, na Bosi alipouona alinuna.

"Leo usikandamize, mzee. Wageni wakiingia, pitisha juu juu tu."

"Na pesa ya binti yangu?"

"Fanya vizuri leo, mengine niachie mimi."

Binti yake alikuwa amejifungua salama, lakini hospitali ilimzuia wodini na mtoto wake mpaka bili ilipwe. Walilala chini, katikati ya vitanda, na mlinzi alisimama mlangoni kana kwamba kichanga kitaruka ukuta. Mkewe Fundi angekuwa hai, angejua mlango wa kubisha. Yeye alijua mmoja tu, wa Bosi.

Gari likasimama nje. Wakateremka mwalimu mstaafu, muuza mitumba na mkewe, na mama mmoja aliyevaa nguo nyeusi za msiba. Hao ndio waliokuwa wanaitwa wawekezaji wadogo. Kampuni ya Bosi iliwaleta waone akiba zao zitakavyofanya kazi: unamkopesha mnyonge, mnyonge anainuka, wewe unapata faida na thawabu juu yake. Wakubwa wanajua kuongea, hilo usiwanyime.

"Huyu hapa!" Bosi alimwekea Fundi mkono begani kama wamenyonya ziwa moja. "Alikuwa hana hata msumari. Sema mwenyewe, mzee wangu."

Fundi akasema. Mkopo ulivyomwokoa, oda za vitanda zinavyomzidi, anavyorejesha kila mwezi bila kusukumwa. Alishukuru mpaka akajifuta macho kwa aproni, maana alikuwa anamwona mjukuu wake kule wodini, sakafuni. Muuza mitumba akapiga makofi.

Mama wa msiba alimsogelea. "Baba, nina kiinua mgongo cha marehemu mume wangu. Sina kingine. Kweli nikiweka hapa sitajuta?"

Fundi alitazama viatu vya yule mama, vilivyoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Akafungua mdomo. Bosi akajikohoza kidogo.

"Weka, mwanangu," Fundi alisema. "Mimi si unaniona?"

Mama akamshika mikono yote miwili, akamwombea dua, yeye na wajukuu zake.

Gari lilipoondoka, Fundi alinyoosha kiganja. Bosi akacheka.

"Mzee nawe una haraka! Wenzio hata nyumbani hawajafika. Njoo mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi alikuja. Mwezi uliofuata akaja tena. Binti bado alikuwa wodini, na kila usiku aliolala pale sakafuni uliongezwa kwenye bili, kana kwamba sakafu nayo ni kitanda. Fundi aliposukuma mlango wa ofisi, alimkuta yule mama wa msiba anapiga meza, analia, anataka pesa ya mumewe.

Bosi hakukasirika hata chembe. Alimpa kitambaa ajifute, akafungua kabati, akatoa aproni mpya.

"Mzee, mpeleke kwenye cherehani ya wageni," alisema. "Mfundishe kushukuru, kama ulivyofundishwa wewe ulipokuja kudai akiba yako."