Ua Kwenye Ufa

Kokoto liliruka barabarani likaacha ufa kwenye kioo cha mbele cha teksi ya Shaibu. Bei ya kioo kipya hakuiweza. Fundi akamshauri apake rangi ya kucha, ile isiyoonekana, pale ufa unapoishia, ili usizidi kutambaa.

"Isiyoonekana?" Mkewe Biubwa, mpambaji wa maharusi, alicheka. "Bibi harusi gani atanilipa kwa rangi isiyoonekana? Mimi ninayo nyekundu tu, bwana."

Akapanda juu ya boneti na kichupa chake. Pale ufa ulipoishia akachora ua, kisha akaufuata ufa wote kwa majani madogo madogo, ulimi kaubana kwenye meno, kama anavyochora mikono ya maharusi.

"Watu watanicheka," Shaibu alinung'unika, huku amemshika kiuno asiteleze.

"Wacheke wakiwa ndani ya gari."

Asubuhi abiria wa kwanza, mama mwenye kapu la samaki, alilitazama sana ua lile.

"Kumbe kuna harusi leo?"

"Ipo."

"Ya nani?"

"Yangu," Shaibu alisema, akalipanda tuta la barabarani polepole, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.