Nusu ya Kidonge

Sheria ilikuwa moja: kidonge hakigawanywi. Kirusi hutoboa tundu kwenye seli, chumvi zikapita, na kidonge kizima ndicho kizibo chake. Lakini undugu ni kufaana, na Zamda alimsikia mtoto wa wifi yake akitweta nyumba ya pili. Zamda akakikata kwa kisu cha vitunguu kidonge cha binti yake Shani, aliyekuwa mgonjwa pia; nusu akampa Shani, nusu akaipitisha dirishani.

Leo kipimo cha ukutani kikawaka taa nyekundu: kirusi kimeizoea nusu dawa, tundu limebadilika umbo, hakuna kizibo kitakachoingia tena. Mlango ukajifunga wenyewe, kirusi kipya kisitoke. Shani akakohoa mapajani mwa mama yake.

“Wifi!” sauti ikaita dirishani kwa furaha. “Mwanangu kanywa uji! Nikatie tena!”

Zamda akavua kanga, akaliziba dirisha, ili kikohozi cha Shani kisivuke kwa wifi.