Pofu na Kiti cha Nyati

Nyati alipong'atuka uenyekiti wa chama cha wanyama, kiti chake kilibaki wazi. Pofu, muungwana kupindukia, alikuwa amekitamani tangu ujana. Hata ndotoni alijiona amekikalia.

Mkutanoni wajumbe wakapaza sauti: "Tunamtaka Mzee Pofu!"

Moyo ukamdunda. Ila muungwana hakubali mara ya kwanza, husubiri abembelezwe. "Jamani, mimi nani? Wapo wanaofaa zaidi."

"Kweli hutaki, mzee?" Kima akauliza.

"Aa, niacheni tu."

"Basi tusimlazimishe. Mimi nakitaka!" Kima akakirukia kiti, na hakuna aliyepinga.

Wajumbe wakampigia Pofu makofi kwa unyenyekevu wake, wakatawanyika.

Hadi leo, ukimkuta Pofu mbugani kasimama peke yake, masikio juu, usimshtue. Anasikiliza kama wanarudi kumwuliza mara ya pili.