Kidole cha Festo

Festo alijua fika kwamba mtafsiri wa filamu katika banda lile la video mtaani Nyasubi ni mimi. Aliniacha masika, na sasa akamleta mchumba wake mpya, wakakaa benchi la mbele nimwone vizuri.

Filamu ilikuwa ya mapenzi na vituko. Nyumba zilipaa kwa miavuli, kijana akafungua kifua kama kabati, njiwa wakatoka. Macho yangu yaliipenda. Moyo uliichukia, maana wanaume wote humo walikuwa wakweli.

Kijana akapiga magoti juu ya wingu. Alichosema kwa Kiingereza sikukijali. Nilisogeza kipaza sauti nikampa maneno ya Festo, yale aliyoniambia mimi.

“Shika hiki kidole kilichokatwa na jiwe mgodini. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kukigusa.”

“Mbona vidole vyake vizima?” mtu akauliza nyuma, banda zima likacheka.

Mchumba hakucheka. Alikuwa amekishika kile kidole kifupi cha Festo. Akakitazama, akakiachia, akajifuta kiganja kwenye kitenge.

Festo akageuka kunitazama.

Filamu haikuwa imefika hata nusu.