Mahubiri Yasiyofika Nyuma

Katika kanisa refu la ndege, weupe walikaa mbele na weusi nyuma, ingawa kila Jumapili Mchungaji Korongo alihubiri dhidi ya ubaguzi.

Siku moja Yangeyange, mweupe kuliko wote, aliteleza akaanguka matopeni akiwa njiani kwenda kanisani, akawa mweusi tii. Kanga, mzee wa zamu, hakumtambua. Akampeleka benchi la mwisho.

Mahubiri yakaanza. Yangeyange akanyoosha shingo, akatega sikio, asisikie kitu.

“Ndugu yangu,” Yangeyange akamnong'oneza Kunguru aliyekaa pembeni yake, “mchungaji anasemaje?”

“Huku hatusikii. Wakiitikia amina huko mbele, nasi tunaitikia.”

“Miaka yote hii? Mlidhani anahubiri nini?”

Kunguru akamtazama, akaona manyoya meupe chini ya tope.

“Kwa jinsi mnavyotutendea mkitoka hapa, tulidhani anawapongeza.”