Mawe Mawili Njiani Bwawani

Husimuliwa mbugani habari za kiangazi ambacho njia ya bwawani iliziba. Bwawa lilikuwa la wote, na njia ya kushukia ilikuwa hiyo moja. Pimbi, mcha Mungu, alisimamisha jiwe njiani ili kila anayekwenda kunywa amshukuru Mwenye Mvua. Nungunungu, asiyeamini ila alichokiona, akaja juu.

"Bwawa la baba yako hili? Basi na mimi naweka langu, la kusema mvua hujinyeshea yenyewe!"

Akalibingirisha lake kando ya lile. Nafasi iliyobaki ilimtosha panya tu.

Bi Ngiri akafika na wanawe, koo zimewakauka. "Jamani, yasogezeni, watoto wanywe."

"Mwambie huyo kwanza," wakajibu wote wawili.

Bi Ngiri hakubishana. Kupe walikuwa wakimwasha mgongoni, basi akajikuna kwenye jiwe la Pimbi, kisha akahamia la Nungunungu. Wanawe wakamwiga.

"Hili la pili linakuna vizuri zaidi," akasema.

"Bi Ngiri!" Pimbi akafoka. "Unalipaka kupe jiwe la ibada?"

"Na langu usiliguse, ni takatifu!" akapaza sauti Nungunungu, miiba imemsimama.

Pimbi akamgeukia polepole. "Umesema nini, ndugu yangu?"

Nungunungu akalaza miiba yake. Kabla ya jua kuchwa, kila mmoja alikuwa amelisukuma jiwe lake hadi kwake, wasije ngiri wakajikunia tena.

Watoto wakanywa wakatosheka. Mama yao naye akanywa, kisha akatafuta pa kujikunia, asipaone.